Somo la Wafanyakazi: Kupunguza Mzigo wa Kumbukumbu za Kompyuta Bila Kupoteza Ushahidi Wetu



Zamani mchumaji wa chai alipofika kwenye banda la mizani, karani alipima majani, akaandika kilo kwenye daftari, na mchumaji akaondoka na kadi yake. Ugomvi ukitokea mwisho wa mwezi, daftari lilifunguliwa, kadi ikatolewa mfukoni, na hesabu zikalinganishwa. Leo katika mashamba na viwanda vingi kilo zinapimwa kwa mizani ya umeme, na kutoka hapo zinakwenda kwenye kompyuta ya ofisini. Saa za zamu nazo ni hivyo hivyo, na makato ya mshahara pia. Daftari halionekani tena kwa macho, lakini lipo, tena si moja.

Basi ikiwa kamati ya wafanyakazi itaitwa ofisini na kuambiwa hivi: "Mtambo umekuwa mzito. Watu wanasubiri. Fundi amesema kinachouchelewesha ni uandishi wa kumbukumbu, kwa hiyo tutauzima," kamati ijibu nini? Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na yana hatari ndani yake. Kamati ikikubali yote, huenda ushahidi wa jasho la wanachama ukafutika. Ikikataa yote, mtambo utaendelea kuwa mzito, malipo yatachelewa, na lawama itatupwa kwa chama. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba kuna njia ya tatu: mzigo wa kumbukumbu unaweza kupunguzwa sana bila kuzima kumbukumbu yenyewe.

1. MADAFTARI MATATU

Ghala la hesabu ndani ya kompyuta mafundi huliita databesi. Kompyuta inayolitunza na kuwahudumia wote wanaolitumia huitwa seva. Ziko programu nyingi za kazi hiyo. Katika somo hili tutatumia mfano wa moja iitwayo PostgreSQL, ambayo mwanzo wake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Tumeichagua kwa sababu hutolewa bila malipo, hutumika duniani kote, na maelezo ya utendaji wake yako wazi kwa kila mtu. Programu nyingine zina majina tofauti kwa mambo yale yale.

Fundi anaposema "kumbukumbu", tumwulize: kumbukumbu ipi? Maana yako madaftari matatu.

La kwanza ni daftari la tahadhari. Kabla seva haijabadilisha kitu katika ghala lenyewe, huandika kwanza katika daftari hili nini kinabadilishwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, seva ikiwashwa tena husoma daftari hili na kurudisha kila kitu kilichokuwa kimethibitishwa. PostgreSQL imekuwa na daftari hili tangu toleo lake la 7.1 la mwaka 2001.

La pili ni daftari la mwenendo. Humo seva huandika habari zake: nani ameingia, amri gani imetolewa, imechukua muda gani, kosa gani limetokea. Hili husomwa na fundi anapotafuta ubovu.

La tatu ni daftari la marekebisho. Hili halijiandiki lenyewe, ni lazima liagizwe na mwenye mtambo. Huonyesha nani alibadilisha hesabu, lini, ilikuwa ngapi na ikawa ngapi. Kwa mfanyakazi hili ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, na bahati mbaya ndilo linalosahauliwa upesi.

2. UZITO UNATOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba kuandika ndiko kunakochelewesha. Kwa kweli kinachochelewesha zaidi ni kusubiri.

Tufikirie karani ambaye, kila akiandika mstari mmoja, anainuka, anakwenda kufungia daftari kwenye kabati la chuma, anageuza ufunguo, kisha anarudi kumwambia mchumaji, "Imeandikwa." Mstari wenyewe unachukua nukta moja, safari ya kabatini ndiyo inayokula muda. Seva nayo hufanya hivyo. Kila kazi moja kamili, ambayo mafundi huiita muamala, ikithibitishwa, seva husubiri mpaka diski iseme kwamba mstari wa daftari la tahadhari umekwisha kukaa mahali ambapo hata umeme ukikatika hautapotea.

Tupige hesabu. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ikiwa kila thibitisho linangoja mzunguko mmoja, mtumaji mmoja hawezi kupata zaidi ya mathibitisho 120 hivi kwa sekunde. Diski za kisasa zisizo na sahani huenda mbio zaidi ya hapo, lakini kanuni ni ile ile: kila thibitisho lina kusubiri kwake.

Sasa tuangalie banda la mizani. Gunia moja haliwezi kupimwa kwa muda mfupi kuliko sekunde chache. Hata mizani kumi zikifanya kazi pamoja, seva itapata mistari michache tu kwa sekunde. Huo si mzigo, hata kwa diski ya zamani. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba foleni ya mizani inatokana na daftari la tahadhari, tuombe kuonyeshwa vipimo. Mara nyingi sababu ni nyingine: mtandao dhaifu, amri iliyoandikwa vibaya na ripoti nzito zinazoendeshwa saa za kazi.

Mzigo wa kweli hutokea wakati mwingine. Tuseme shamba lina mizani 40 za kubebwa mkononi. Kila moja imehifadhi vipimo 600 vya siku nzima, na jioni vyote vinamiminwa kwenye seva. Hivyo ni vipimo 24,000. Vikiingizwa kimoja kimoja, kila kimoja na thibitisho lake, kwa diski ile ya zamani kusubiri peke yake ni sekunde 200, yaani zaidi ya dakika tatu. Vikifungwa mafungu ya vipimo mia mia, mathibitisho ni 240 tu, na kusubiri ni sekunde mbili. Hakuna hata kipimo kimoja kilichopunguzwa katika daftari. Kilichopungua ni safari za kabatini.

3. NJIA ZA HAKI ZA KUPUNGUZA MZIGO

Haya ndiyo mambo ambayo kamati inaweza kuyaunga mkono bila hofu.

(a) Kufunga kazi nyingi katika muamala mmoja, kama tulivyoona. Hii ndiyo dawa ya kwanza na haina gharama. Jambo moja la kuangaliwa: kipimo kibovu kimoja kisiangushe fungu zima kimya kimya. Fungu likikataliwa, mizani iendelee kutunza vipimo vyake mpaka vikubaliwe.

(b) Kuweka madaftari kwenye diski yake. Ghala na daftari vikiwa kwenye diski moja, vinagombania njia moja. Tena daftari la mwenendo likiachwa likue bila mpaka, linaweza kujaza diski yote, na seva isiyo na nafasi ya kuandika daftari la tahadhari husimama. Siku ya malipo ikiwa ndiyo hiyo, ndugu zangu, mnajua itakavyokuwa.

(c) Kupunguza maneno katika daftari la mwenendo. Hapa ndipo mzigo mwingi wa bure unapopatikana. Fundi aliyekuwa akitafuta ubovu huamuru seva iandike kila amri inayopita, kisha hupata ubovu wake na kusahau kuirudisha. Katika PostgreSQL amri hiyo huitwa log_statement, nayo ina ngazi nne. Ya kwanza haiandiki amri yoyote. Ya pili, ddl, huandika zile zinazobadilisha umbo la ghala. Ya tatu, mod, huongeza zile zinazobadilisha hesabu. Ya nne, all, huandika zote, hata za kusoma tu. Katika kazi nyingi za ofisi za kusoma ndizo nyingi. Kushuka kutoka ngazi ya nne hadi ya tatu huondoa mistari ya kusoma, na amri zinazobadilisha hesabu zikaendelea kuandikwa. Kamati ikikumbuka jambo moja tu katika somo hili, likumbukwe hili.

(d) Kuandika amri zinazochelewa tu. Iko kanuni iitwayo log_min_duration_statement. Ikiwekwa 0, kila amri inaandikwa pamoja na muda wake. Ikiwekwa 1000, zinaandikwa zile tu zilizochukua sekunde moja au zaidi. Fundi anapata habari za wagonjwa bila kuandika habari za wazima. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 anaweza pia kuchukua sampuli, yaani kuandika sehemu tu ya amri hizo badala ya zote.

(e) Kuongeza nafasi kati ya vituo vya ukaguzi. Kila baada ya muda seva huhamisha mabadiliko yote kutoka kwenye kumbukumbu ya muda hadi ghalani. Kwa kawaida hufanya hivyo kila dakika 5, au mapema zaidi daftari likikua upesi. Baada ya kila kituo, ukurasa wa ghala ukiguswa kwa mara ya kwanza huandikwa mzima katika daftari la tahadhari, ingawa kilichobadilika ni tarakimu moja. Ukurasa mmoja ni kilobaiti 8. Vituo vikiwa mbali zaidi, tuseme dakika 15 au 30, kurasa nzima zinaandikwa mara chache na daftari linapungua unene. Bei yake ni kwamba seva ikianguka itachukua muda mrefu zaidi kuamka. Bei hiyo inavumilika, maana hakuna kilo inayopotea.

4. NJIA ZA HATARI

Ziko njia nyingine ambazo pia huufanya mtambo uende mbio. Mbio zenyewe ni za kweli, lakini anayelipa ni mfanyakazi.

Ya kwanza ni kuzima kanuni iitwayo fsync. Ikizimwa, seva haingoji tena diski ithibitishe. Umeme ukikatika, si mistari ya mwisho tu inayoweza kupotea: ghala lote linaweza kuharibika lisisomeke. Katika sehemu zetu ambako umeme hukatika mara kwa mara, kuzima kanuni hii kwenye seva ya mishahara ni sawa na kuandika mishahara kwa mkaa wakati wa mvua.

Ya pili ni kuzima kanuni iitwayo synchronous_commit. Hii haiharibu ghala, lakini seva husema "imeandikwa" kabla haijaandika. Ikianguka wakati huo, kazi za muda mfupi wa mwisho hupotea. Kwa mpangilio wa kawaida muda huo haupiti sehemu sita za kumi za sekunde. Wengine watasema hiyo ni kidogo mno. Kwa mambo madogo, kama kuhesabu ni mara ngapi ukurasa fulani umefunguliwa, ni kweli. Lakini fungu la vipimo mia likiingia katika muda huo, mizani zimekwisha kuambiwa kwamba vipimo vimefika, navyo zimevifuta. Kilo za watu zimekwenda. Tena kanuni hii inaweza kuwekwa kwa kila muamala peke yake. Hivyo hakuna sababu ya kuizima kwa mishahara ati kwa kuwa imezimwa kwa mambo mengine.

Ya tatu ni kubadilisha njia ya kupeleka daftari la mwenendo bila kusema. PostgreSQL ina mkusanyaji wake wa mistari, ambaye ameundwa asipoteze hata mmoja. Akizidiwa, kazi nyingine za seva hungoja mpaka apumue. Iko njia nyingine, ile ya mtambo wenyewe wa kompyuta, iitwayo syslog. Hiyo ikizidiwa huweza kutupa mistari ili kazi iendelee. Kuhamia njia ya pili kunaweza kuondoa kusubiri, lakini daftari linaweza kuwa na mapengo. Ni afadhali kwanza kupunguza maneno, ili mkusanyaji asizidiwe.

5. DAFTARI LA MAREKEBISHO LISIGUSWE

Tumesema daftari la tatu ndilo lenye thamani kubwa. Je, nalo lina uzito? Lina uzito mdogo sana, likipangwa vizuri. Si lazima kuandika nakala ya kila kipimo kipya, kwa sababu kipimo chenyewe kimekwisha kukaa ghalani. Inatosha kuandika pale tu kipimo cha zamani kinapobadilishwa au kufutwa. Katika ofisi ya haki mabadiliko hayo ni machache kwa siku. Na kama ni mengi kiasi cha kuilemea seva, basi hapo kuna swali kubwa kuliko la seva.

Kwa nini tunalisisitiza? Tuangalie yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1999 Shirika la Posta la huko lilianza kusambaza mtambo wa kompyuta uitwao Horizon katika vituo vyake. Mtambo huo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika kwa kulipa fedha ambazo hawakuziiba. Wengi waliambiwa kwamba kompyuta haikosei.

Wasimamizi 555, wakiongozwa na Alan Bates, waliungana wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Desemba 2019 jaji aliamua kwamba makosa ya mtambo yaliweza kuleta upungufu katika hesabu za vituo, na kwamba watumishi wa kampuni ya kompyuta waliweza kuingia kutoka mbali na kubadilisha hesabu za kituo bila mwenye kituo kujua. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Kumbukumbu za mtambo ule zilikuwepo, lakini zilikuwa mikononi mwa kampuni, na msimamizi wa kituo hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuzifungua. Kutunza daftari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni haki ya mfanyakazi kulisoma.

6. KAMATI IFANYE NINI

Hatuhitaji kila katibu wa tawi awe fundi wa kompyuta. Tunahitaji aulize maswali yanayofaa na apate majibu kwa maandishi. Tunashauri haya:

Kwanza, mabadiliko yoyote ya uandishi wa kumbukumbu katika mtambo wa kilo, zamu au mishahara yaletwe kwenye kamati kabla hayajafanywa, pamoja na vipimo vya kabla na baada. Fundi asiyeweza kuonyesha muda uliopotea kwa sababu ya daftari hajui bado kinachouchelewesha mtambo.

Pili, njia za haki tulizozitaja zijaribiwe zote kwanza. Mara nyingi (a) na (c) peke yake zitatosha.

Tatu, fsync na synchronous_commit zibaki zimewashwa kwa hesabu zote zinazogusa malipo.

Nne, daftari la marekebisho liwepo, litunzwe kwa muda uliokubaliwa, na mwenye ruhusa ya kubadilisha kilo asiwe na ruhusa ya kulifuta. Kila karani aingie kwa jina lake mwenyewe. Wote wakitumia jina moja, daftari litasema "ofisi ilibadilisha", na ofisi haina uso.

Tano, mfanyakazi mwenye malalamiko apewe nakala ya mistari inayohusu hesabu zake, bila malipo, na mjumbe wa kamati akiwepo.

Mambo haya yanaweza kuandikwa katika mkataba wa hali bora kama vile saa za kazi na vifaa vya kinga vinavyoandikwa. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi ni kazi tuliyokwisha kuifanya, na daftari lake sasa limo ndani ya seva. Tusaidie seva iende mbio. Tusikubali iende mbio kwa kuitupa mizigo yetu njiani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Mahali petu pa kazi kilo au saa zetu zinaandikwa wapi, na ni nani anaweza kuzibadilisha?

2. Kuna tofauti gani kati ya daftari la mwenendo na daftari la marekebisho? Tukiambiwa "kumbukumbu zitapunguzwa", tuulize nini kwanza?

3. Mizani 25 zina vipimo 480 kila moja. Vikiingizwa kimoja kimoja kwa mathibitisho 120 kwa sekunde, kusubiri ni muda gani? Vikifungwa mia mia je? (Jibu: sekunde 100, kisha sekunde moja.)

4. Mwanachama akilalamika leo kwamba kilo zake za mwezi uliopita zimepungua, tutathibitishaje?